Ukishindwa Kuitikia Marahaba, Punguza Mwendo

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2017 serikali ilipokuwa inahamia Dodoma, sisi wa masjala tulikuja na mafaili yetu kwenye lori, tukapangiwa ghorofa ya nne ya jengo la kukodi katikati ya mji. Lifti ilikuwepo. Ilifanya kazi wiki tatu, ikagoma, na mlangoni pakabandikwa karatasi ya LIFTI MBOVU ambayo ilidumu kuliko lifti yenyewe. Siku ya kwanza ya kupanda kwa miguu, kijana mmoja wa uhasibu alinikuta pale ngazi inapogeuka kuelekea ghorofa ya tatu, akanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo mama." Nikafungua mdomo. Ikatoka "Maa..." na hewa. Akasubiri kidogo, akaona haiji, akanipita polepole ameinamisha kichwa kama mtu anayepita penye msiba.

Nilikuwa na miaka 46. Leo nina 54, na ngazi zile zile ndizo mazoezi yangu. Sijawahi kuingia jimu. Ninayoandika hapa ni niliyojifunza kwa miguu yangu, kwa mzee anayelinda geti letu, na kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea baada ya kujiumiza kwa ujinga, habari ambayo nitaifikia.

Wakati ule nilisingizia mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nami nilitoka Temeke. Hewa ya huku ni nyepesi kweli, mgandamizo wake uko chini ya ule wa pwani kwa asilimia kama 12, na mgeni wa pwani anaweza kuhema zaidi siku za mwanzo. Lakini mwili huzoea mwinuko wa kiasi hiki ndani ya wiki chache. Mimi miezi sita baadaye bado nilikuwa nasema "ni mwinuko." Haukuwa mwinuko. Ilikuwa miaka ishirini ya kiti cha masjala na chai ya vijiko vitatu.

Kipimo ni salamu

Watu wa mazoezi wana saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo. Mimi nina shikamoo. Mwanamke wa umri wangu hawezi kupanda ghorofa nne za ofisi ya umma bila kusalimiwa mara tatu, kwa hiyo kipimo kinakuja chenyewe.

Kinafanya kazi hivi. Ukiitikia "Marahaba, hujambo? Watoto wazima?" ukavuta pumzi mara moja katikati, mwendo wako ni mzuri: moyo unafanya kazi, ila haujazidiwa. Ukiweza kusimama kwenye ngazi na kusimulia harusi ya Jumamosi kuanzia sendoff hadi keki, hujafanya zoezi lolote, ongeza mwendo. Ikitoka nusu ya marahaba, simama, shika chuma cha pembeni, subiri. Usikae chini ghafla, miguu ikitulia damu hukawia kurudi juu na kichwa huweza kuzunguka.

Kuna sababu nyingine ya kupenda salamu kuliko saa. Wengi wa rika langu tunameza dawa za presha. Zipo zinazozuia moyo kwenda mbio, atenolo kwa mfano, na mtu anayezitumia anaweza kuwa amechoka kabisa huku mapigo yake kwenye saa yanaonekana ya mtu aliyekaa sebuleni. Ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 kupata kilele cha mapigo haimfai mtu huyo. Pumzi haidanganyi kirahisi hivyo.

Unachobeba ni wewe mwenyewe

Kwenye tambarare mwili unasogezwa mbele. Kwenye ngazi unanyanyuliwa. Siku zile nilikuwa na kilo 82: ni mfuko mmoja wa saruji, na nusu ya mfuko wa pili, na juu yake kilo saba za mchele. Mzigo huo nilikuwa naufikisha mita 12 juu kila asubuhi kabla ya chai. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kujionea haya, nikaanza kujihurumia.

Kutembea mwendo wa kawaida humdai mtu nguvu mara tatu na kitu ya zile anazotumia akiwa amekaa kimya. Kupanda ngazi taratibu ni mara nne. Kupanda kwa haraka kunakaribia mara tisa, yaani umeshaingia kwenye eneo la watu wanaokimbia, ingawa umevaa sketi na umebeba pochi. Kazi hiyo inafanywa na misuli michache mikubwa: makalio, mapaja kwa mbele na nyuma, na vigimbi. Makalio ndiyo misuli mikubwa kuliko yote mwilini, na kwa sisi wa ofisini ndiyo iliyolala kuliko yote.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba pumzi huchelewa. Ukianza kupanda, misuli inadai hewa papo hapo, lakini moyo na mapafu huhitaji dakika mbili au tatu kufikia kiwango kinachodaiwa. Ghorofa nne zinakwisha kabla ya hapo. Ndiyo maana ghorofa ya kwanza unajiona kijana, ya pili unajiona mzima, ya tatu deni linakuja lote kwa pamoja, na unahema zaidi ukiwa umeshafika na kusimama kuliko ulipokuwa njiani. Dawa yake ni kuipanda ghorofa ya kwanza kwa mwendo unaouona ni wa kizembe. Wanaoondoka mbio pale chini huwa nawakuta ghorofa ya tatu wanajifanya wanasoma ujumbe kwenye simu.

Kwamba ngazi zinausaidia moyo si habari ya jana. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, na wenzake walichapisha ulinganisho wa madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa siku nzima. Konda alipanda na kushuka ngazi za basi kukusanya nauli, vidato kama 600 kwa siku ya kazi. (Makonda wetu wa daladala wananing'inia mlangoni na kupiga bodi; ghorofa hawana.) Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata walipougua, hawakufa haraka kama madereva. Morris alikuwa mtu mwangalifu, akaenda kuchungulia na saizi za suruali za sare, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku ya kuajiriwa. Kwa hiyo sifa zote si za ngazi. Ila nyingine ni zao.

Kuhusu kupungua mwili, nakuomba usidanganywe. Kwa uzito wangu wa wakati ule, ghorofa moja ilikuwa inachoma kalori mbili na nusu hivi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori kama 16. Yaani kijiko kimoja ni ghorofa sita na zaidi, na ile chai yangu ya vijiko vitatu ilikuwa inadai nipande hadi ofisini karibu mara tano. Chapati sitaki hata kuianza. Nimepungua kilo nne tangu wakati ule, na kwa maoni yangu tatu ni za sukari niliyoacha. Kilichobadilika kwa ngazi ni pumzi, presha iliyotulia kidogo, na mapaja ambayo sasa yananiinua kwenye kiti bila kusukuma meza kwa mikono.

Kupanda: masomo ya mzee wa getini

Mlinzi wetu ni Mgogo wa hapa hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokuwa kinajengwa kule vilimani, alikuwa saidia fundi. Amepandisha zege kwenye karai kichwani siku nzima kwa miezi. Ukimwamkia "Mbukwenyi" asubuhi anafurahi na anakupa somo bila malipo. Mimi alikuwa ananitazama wiki nzima ninavyopanda, siku moja akaniambia: "Mama, wewe unapanda kwa vidole. Kidole hakibebi mtu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natua kwa ncha ya kiatu, kisigino kinaning'inia nje, kazi yote inakwenda kwenye vigimbi na magoti. Aliniambia niweke unyayo mzima juu ya kidato, halafu nikisukume kidato chini kwa kisigino. Jaribu sasa hivi kama uko karibu na ngazi: weka unyayo wote, sukuma kwa kisigino, na uweke kiganja kwenye kalio la upande huo. Utalisikia linakaza. Rudia kwa ncha ya vidole, litalala. Hicho tu kiliniondolea nusu ya maumivu ya goti.

La pili ni kifua. Inama mbele kidogo kutoka kwenye nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni. Usijikunje kiunoni, ukijikunja mapafu yanabanwa. Aliyebeba karai hawezi kutazama miguu yake, alisema mzee, kwa hiyo miguu hujifunza ngazi yenyewe na macho hukaa vidato vitatu au vinne mbele.

La tatu, goti lielekee kule vinakoelekea vidole vya mguu. Akina mama wengi magoti yetu huelekeana ndani tukianza kuchoka, kama yanataka kunong'onezana. Ukiyaona yanafanya hivyo, zoezi la leo limekwisha.

Chuma cha pembeni ni cha kukuokoa usianguke, si kamba ya kujivutia juu. Mkono ukae karibu, vidole viguse. Ukianza kujivuta, mabega yanafanya kazi ya makalio. Na usizuie pumzi. Kuna watu hubana pumzi ghorofa nzima kama wanapiga mbizi, na hiyo hupandisha presha bure. Mimi napumua kwa hesabu: vidato viwili navuta, viwili natoa.

Kuruka vidato viwili viwili waachie vijana.

Kushuka ndiko kunakoumiza

Sasa ujinga wangu. Tulikuwa na bonanza la watumishi linakuja, nami nikajiandikisha mbio za akina mama. Jumamosi moja nikaingia ofisini jengo likiwa tupu, nikapanda na kushuka mara kumi mfululizo. Kupanda nilipumzika kila ghorofa. Kushuka nilishuka mbio, maana kushuka hakuna pumzi inayokatika, nikajiona bingwa. Jumapili nilikuwa mzima, nikajisifu mbele ya watu. Jumatatu asubuhi nilikwenda chooni, na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilichuchumaa. Kuinuka ikashindikana. Nilimwita binti yangu, akaja akanivuta kwa mikono miwili, na hadi leo kwenye vikao vya familia lazima mtu ataikumbushia.

Zahanati niliyoenda waliniambia ni umri, wakanichoma diklofenaki siku tatu. Umri haukuhusika. Kijana wa miaka ishirini angefanya vile naye angelia.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenieleza. Unapopanda, paja la mbele linajikaza huku linafupika, ndiyo kazi lililoizoea. Unaposhuka, paja hilo hilo linafunga breki: linakaza huku linavutwa kurefuka. Ni kama kushusha mzigo mzito kwa kamba. Kamba inateleza viganjani huku umeibana, na viganja ndivyo vinavyochubuka. Nyuzi ndogo ndogo za misuli zinachanika, na maumivu hayaji siku hiyo. Huja baada ya siku moja hadi tatu. Ukipona, misuli ile ile hustahimili zaidi safari inayofuata, lakini lazima uipe dozi ndogo kwanza.

Goti nalo lina hesabu yake. Madaktari wa Ujerumani waliwahi kuwawekea wagonjwa magoti bandia yenye vipimo ndani, wakasoma uzito unaopita humo mtu akitembea. Tambarare ilikuwa kama mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kupanda ngazi, mara tatu na kitu. Kushuka, karibu mara tatu na nusu. Kwa kilo 82 zangu, kila nilipotua chini goti moja lilikuwa linapokea zaidi ya kilo 280. Na mimi nilikuwa nashuka mbio.

Kwa hiyo kushuka kunakupa raha ya pumzi na kukutoza magoti, na pumzi haikuonyi. Lazima ujizuie mwenyewe. Tua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisha kisigino kishuke taratibu. Goti la nyuma likunjike kwa hiari yako, usiachie mwili uanguke kidato kwa kidato. Ukisikia viatu vyako vinapiga "pwa, pwa, pwa," unaanguka. Mtu anayeshuka vizuri hasikiki. Mkono kwenye chuma muda wote, hata kama una miaka ishirini na mitano. Kama goti moja linasumbua, nenda kidato kimoja kimoja ukiikutanisha miguu: kupanda tangulia na mguu mzima, kushuka tangulia na ule unaouma.

Na kama jengo lenu lina lifti nzima, wiki mbili za mwanzo panda kwa miguu, shuka kwa lifti. Yetu ilitengenezwa hatimaye, nami hadi leo nafanya hivyo siku ambazo goti la kushoto limeamka vibaya. Watu hunicheka wakinikuta nasubiri lifti ya kushuka. "Mama, si ulisema mazoezi?" Nimeshayafanya, mwanangu. Yako juu.

Ipime ngazi yako

Kabla ya kuifanya ngazi kuwa uwanja wa mazoezi, ijue. Mimi nilichukua rula ya ofisini jioni moja, nikapima kidato kimoja kimoja. Vidato 80 hadi mlangoni kwetu, karibu vyote sentimita 15. Isipokuwa kimoja: cha mwisho kabla ya ghorofa ya pili kina sentimita 18. Fundi aliishiwa hesabu pale. Tangu siku hiyo nikaanza kuwatazama watu, na wote wanajikwaa hapo hapo, mkurugenzi na mleta vitafunwa sawasawa. Mguu ukishazoea kimo fulani haupandi zaidi ya hapo, sentimita tatu zinatosha kukuangusha. Tulikipaka rangi ya njano. Tafuta cha kwenu, karibu kila jengo linacho.

Angalia saa ya kupiga deki. Kwetu ni saa moja kasoro asubuhi, na vigae vikiwa na maji ya sabuni hakuna zoezi, ni kuteleza tu. Angalia taa pia, maana ngazi nyingi za katikati ya jengo hazina dirisha, umeme ukikatika unabaki gizani katikati ya vidato. Hapo simama, washa tochi ya simu, shuka taratibu.

Mavazi: dera ni zuri nyumbani, kwenye ngazi ni mtego. Ukipanda unalikanyaga kwa mbele, ukishuka analikanyaga aliye nyuma yako. Likunje, funga kanga kiunoni. Viatu viwe vinavyoshika mguu, raba au vya kufunga. Ndala na yeboyebo vinachomoka vyenyewe mguu ukibaki. Mimi raba zangu zinakaa chini ya meza ya mzee wa getini, napanda nazo, viatu vya ofisi viko kwenye mkoba.

Maji wengi wanayapuuza. Huku kwetu, hasa Juni hadi Agosti upepo ukivuma, jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hukutoa kitu, kumbe midomo imeshapasuka. Nusu lita mezani baada ya kupanda.

Ratiba yangu

Wiki mbili za kwanza: ghorofa mbili tu kwa kipimo cha marahaba, mara moja asubuhi, siku tatu kwa wiki. Ukifanya kazi ghorofa ya sita, panda mbili, zilizobaki panda lifti. Kama lifti ni mbovu, pumzika kila mgeuko, hakuna anayekukimbiza. Wiki ya tatu na ya nne ongeza safari ya pili, saa ya chai. Kuanzia ya tano, safari tatu kwa siku, zikiachana kwa muda: asubuhi, saa nne, na baada ya chakula cha mchana, ila baada ya kula subiri kwanza, ugali wa uwele na mlenda haviendi pamoja na ghorofa ya nne.

Vipande vifupi hivyo si mzaha. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana wasiofanya mazoezi, wakawapandisha vidato 60 kwa nguvu mara tatu kwa siku, kila safari ikiachana na nyingine kwa saa kadhaa, siku tatu kwa wiki, wiki sita. Uwezo wa moyo na mapafu ukapanda, si sana, lakini ukapanda.

Ila tusijidanganye kwa hesabu. Mimi huchukua dakika moja na nusu hivi kufika juu. Safari tatu kwa siku, hata nikizifanya siku zote tano za kazi, hazifiki nusu saa kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake kama ni makali. Kwa hiyo ngazi ni chumvi, mboga bado. Mimi nashuka daladala mapema, soko la Majengo, natembea iliyobaki. Mji wetu ni tambarare kiasi kwamba huna pa kujificha na kisingizio.

Kila baada ya miezi mitatu najipima. Mwaka 2020 madaktari wa moyo wa A Coruña, Hispania, walieleza kipimo chepesi: panda vidato 60 bila kukimbia na bila kusimama. Chini ya dakika moja, moyo wako una afya nzuri. Zaidi ya dakika moja na nusu, uwezo wako uko chini na ni vema umwone daktari. Mara ya kwanza nilitumia dakika 1 na sekunde 52. Sasa ni dakika 1 na sekunde 6. Zile sekunde sita zimenigomea mwaka mzima.

Wa kumwona daktari kwanza

Kubanwa kifua, maumivu yanayopanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto, kizunguzungu, moyo kudunda ovyo: hizo si dalili za uzembe. Simama, kaa, omba msaada, nenda hospitali mara moja. Presha isiyotulia, upasuaji wa karibuni, au mguu uliovimba upande mmoja ukauma, usianze hadi upate ruhusa. Ukiwa na homa, pumzika. Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sana wawe na pipi mfukoni, na kama nyayo zina ganzi, chuma kishikwe kila kidato.

Na hili kwa wanawake. Kuna dada mmoja ofisini kwetu, mdogo kwangu kwa miaka ishirini, mwembamba, alikuwa anahema kuliko mimi kwenye ghorofa ya pili. Tulimtania wiki nzima. Alipokwenda kupima, damu ilikuwa pungufu. Ukiona unapanda taratibu, umeshafanya mwezi mzima, na marahaba bado haitoki, pima damu kabla ya kujilaumu.

Kama kwenu hakuna ghorofa

Wengi wetu Dodoma tunaishi nyumba za chini, Nkuhungu, Chang'ombe, Nzuguni. Tofali linatosha. Chukua matofali mawili ya saruji ya inchi sita, yalaze ubavu kwa ubavu kwenye sakafu iliyonyooka, karibu na ukuta au mwimo wa mlango wa kushika. Yakilazwa yana kimo cha sentimita 15, sawa na kidato cha ofisini kwangu. Ukipanda na kushuka mara 20 umefika ghorofa ya kwanza. Kumi tangulia na mguu wa kulia, kumi wa kushoto. Unyayo mzima, sukuma kwa kisigino, shuka bila kishindo. Kumbuka hapa kila kupanda kuna kushuka kwake, kwa hiyo siku ya kwanza ishie 20, hata kama unajisikia kuendelea. Jisikie siku ya tatu.

Yakicheza, weka kipande cha boksi chini yake. Usitumie ndoo iliyofunikwa wala kigoda, nimeshawaona walioanguka. Na ukimaliza yatoe njiani. Baba watoto alijikwaa nayo usiku, umeme umekatika, akiwa anatafuta tochi. Siku hizi yanalala nyuma ya mlango wa stoo.